Damu ya Mama Mdogo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonijua hawazijali sana kwa sababu huisha upesi. Siku niliyofungua kisanduku cha barafu katika maabara ya chuo pale Rongo, nikakuta damu ya ndugu yangu imeganda ikawa ngumu kama aiskrimu ya mtoto wa shule, nilipiga kelele hadi mwalimu wangu akaacha chai yake na kuja mbio. Alidhani nimejimwagia asidi.

Ngoja nieleze damu hiyo ilifikaje hapo.

Baba yetu alioa wake wawili. Mimi ni mtoto wa mke mkubwa. Ndugu yangu, ambaye nimemtangulia kuzaliwa, ni mtoto wa mke mdogo, na huyo ndiye ninayemwita Mama mdogo. Baba alishafariki, lakini nyumba zao mbili bado zinatazamana katika boma moja nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Mama yangu hulima. Mama mdogo huuza samaki mjini, na ana sauti ambayo wateja huisikia kabla hawajaiona meza yake.

Ndugu yangu ana ugonjwa wa kudhoofika misuli. Alianza kuangukaanguka alipokuwa shule ya msingi. Akitaka kuinuka alijipanda mwenyewe: mikono juu ya magoti, kisha juu ya mapaja, mpaka asimame. Vigimbi vyake vilikuwa vinene, na watu walisema huyu atakuwa mchezaji mkubwa wa mpira. Sasa ni mtu mzima na anatumia kiti cha magurudumu. Siku za kazi anatengeneza simu mjini, na Jumapili jioni hutangaza mechi za mtaa kwa kipaza sauti, akiwatania mabeki kuliko anavyotangaza mpira. Husema yeye ndiye mtazamaji pekee anayekuja uwanjani na kiti chake. Nampenda sana, na hilo nalisema bila haya.

Sasa kuna jambo la mbegu. Kwetu, mvua ikinyesha, mke mkubwa ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini na mdogo hufuata. Anayevunja utaratibu huo hujiletea chira, laana ambayo humkausha mtu mwili mpaka aishe. Mwaka ambao Mama mdogo alikuwa na mimba ya ndugu yangu, mvua iliwahi kuja. Mama yangu alikuwa ameenda kwao kumuuguza nyanya. Mama mdogo alitazama mawingu, akatazama tumbo lake, akaona akingoja atashindwa kuinama. Akapanda mahindi yake.

Mtoto alipoanza kuanguka, kila mtu akajua sababu, au akafikiri anaijua. Dawa za miti zilinywewa, na kanisani maombi yakafanywa kwa nguvu zilezile. Hakuna aliyemsema Mama mdogo usoni. Walimsema kwa upole, wakimpa pole kwa namna ambayo ilimwonyesha kosa ni la nani. Tangu hapo aliamini kwamba alimlemaza mwanawe kwa konzi ya mahindi. Kila mtoto alipoteleza, kila daraja la ngazi lililomshinda, yeye aliinamisha kichwa.

Miaka michache iliyopita daktari mmoja wa Kisumu aliituma damu ya ndugu yangu nje ikapimwe jeni. Majibu yaliporudi, tulikwenda wawili, yeye na mimi. Daktari alieleza kwamba kasoro iko kwenye jeni, na kwamba kwa aina hii ya ugonjwa mtoto wa kiume huirithi kwa mama, ambaye mwenyewe huibeba bila kujua. Akauliza kama kuna mwanamume mwingine upande wa mama aliyepoteza nguvu za miguu. Yuko: kaka yake Mama mdogo, aliyefariki akiwa kijana hatembei. Kwao walisema ni polio. Daktari alitikisa kichwa, akasema basi hana shaka tena.

Nje ya kliniki ndugu yangu alinishika mkono. "Dada, hii maneno usimwambie mathe," alisema. "Saa hii anajilaumu juu ya mbegu. Ukimwambia ni damu yake, atajilaumu juu ya damu. Mbegu afadhali. Mbegu iko nje ya mwili."

Niliona ana akili, nikakubali. Tukarudi nyumbani, tukasema daktari bado anaangalia.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza shahada ya pili, na utafiti niliouchagua ulikuwa juu ya ugonjwa huohuo. Nieleze kwa urahisi. Misuli ya mtu kama ndugu yangu huharibika kwa sababu utando unaofunika kila seli ni dhaifu. Kuna wataalamu waliojiuliza kama udhaifu huo unaonekana pia kwenye utando wa seli nyekundu za damu, maana kumtoa mtu damu ni rahisi kuliko kumkata kinofu cha paja. Katika utando huo kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, na kimoja kati yake ni pampu: kazi yake usiku na mchana ni kutoa chumvi ndani ya seli na kuitupa nje. Mimi nilitaka kupima pampu hiyo inafanya kazi kwa kiasi gani kwa wagonjwa, kwa mama zao, na kwa watu ambao hawana ugonjwa huo katika ukoo wa mama. Vitabu vinabishana. Wengine wanasema pampu hulegea, wengine wanasema hapana. Mabishano ya namna hiyo ndiyo yananipa usingizi mzuri.

Kabla sijaenda kwa familia za watu, mwalimu aliniruhusu nijaribu njia nzima kwa watu wa kwetu waliokubali wenyewe. Ndugu yangu alikubali. Mimi nilijitoa kuwa mzima wa kulinganishiwa, kwa kuwa nimezaliwa na mama mwingine. Mama mdogo nilipomwomba, alikunja mkono wa gauni kabla sijamaliza.

"Chukua hata debe," alisema.

Niliwatoa damu asubuhi pale bomani. Damu kama hiyo husafiri ikiwa baridi, lakini haitakiwi kuganda, kwa hiyo niliifunga mirija kwa kitambaa kinene ili isiguse barafu. Barafu aliileta Mama mdogo kutoka kwenye biashara yake. Kisha nikaenda nyumbani kwa mama yangu kuaga, na kumuaga mama yangu ni kazi ya kikao kizima na uji.

Huku nyuma Mama mdogo alifungua kisanduku akague. Alikuta mirija imevikwa kitambaa, akashangaa. Nani huvika samaki blanketi? Akakitoa kitambaa, akaizika mirija ndani ya barafu iliyopondwa, na juu yake akamwaga chumvi ya mawe, tena kwa ukarimu, kama anavyofanya samaki wakubwa aina ya mbuta wanapopelekwa mbali. Chumvi huifanya barafu iume. Alifunga kisanduku na kukifungia kamba kabisa, akaridhika.

Barafu ikichanganywa na chumvi inakuwa baridi kuliko barafu yenyewe. Hadi nafika Rongo, damu ilikuwa imekwisha kuwa jiwe. Ilipoyeyuka, seli zote zilikuwa zimepasuka, na mirija ilijaa sharubati nyekundu isiyo na faida kwa mtu yeyote.

Mwalimu wangu ni mtu wa Ntimaru, Mkuria asiyecheka ovyo. Alitazama mirija, akachovya kidole kwenye barafu, akakionja.

"Mama yako anauza samaki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi amekufungia samaki," alisema, na akacheka mpaka akashika meza.

Mimi sikucheka. Nilipiga simu nyumbani na kumfokea Mama mdogo kuhusu kitambaa, kuhusu chumvi, kuhusu watu wanaofungua visanduku visivyo vyao. Nilimaliza pumzi. Upande wa pili kulikuwa kimya kabisa, jambo ambalo kwa mwanamke yule halijawahi kutokea.

Mwishowe akasema kwa Kijaluo, polepole, "Hata damu yake nimeiua."

Hasira yangu iliisha palepale. Nilijaribu kumwambia ni chumvi tu, kwamba hata mimi ningeweza, kwamba damu ipo nyingine. Ndugu yangu alichukua simu. "Umemwambia nini?" aliuliza. "Amekaa chini kwa udongo na hataki kuamka."

Ilimchukua siku kadhaa kuinua kichwa, na alipokiinua alikuwa na uamuzi. Damu haitasafirishwa tena kwa sanduku. Watakuja wenyewe Rongo, watolewe damu palepale maabarani, naye aone kwa macho yake kwamba safari hii haikuharibika. Mama yangu aliposikia, alisema hakuna mtoto wa boma lile atakayepimwa bila yeye kuwapo. Ndiyo maana walikuja wote watatu, kwa gari la rafiki wa ndugu yangu, wamevaa nguo za kanisani.

Sijui kama maabara ile imewahi kuwa na kelele kama siku ile. Mama zangu wawili waliketi kwenye viti virefu, miguu ikining'inia, wakimsalimia kila aliyepita mlangoni. Kwa heshima ya mwalimu waliongea Kiswahili, Kiswahili chao cha sokoni. Nilipoweka mirija kwenye mashine ya kuzungusha na kuiwasha, ndugu yangu alikunja gazeti likawa kipaza sauti.

"Naam, mpira umeanza! Damu ya nyumba ndogo iko kulia, damu ya nyumba kubwa iko kushoto! Wanazunguka, wanazunguka, hakuna anayekubali! Refa ni Mkuria, na refa hana kadi mfukoni!"

Mwalimu aliyesemekana hacheki ovyo alitoka nje akafute macho.

Kazi yenyewe ni ya kuosha. Unaziosha seli, kisha unazipasua kwa makusudi ndani ya maji yenye chumvi kidogo sana, unazungusha, unamwaga wekundu, unaosha tena na tena mpaka kinachobaki chini ya mrija ni kitu cheupe, cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hizo ni tando tupu. Kwa lugha ya wataalamu huitwa mizuka. Neno hilo sikulitamka mbele ya mama zangu.

"Na ile nyekundu umemwaga?" Mama mdogo aliuliza kwa wasiwasi. "Si hiyo ndiyo damu?"

"Ile nyekundu ni mzigo, Mama mdogo. Mimi natafuta gunia."

"Gunia iko na nini?"

"Iko na pampu ndogondogo za kutoa chumvi nje."

"Chumvi tena!" alisema, akajifunika uso kwa leso, na mama yangu akacheka mpaka akateremka kitini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Mama mdogo akicheka tangu ile simu.

Tulikula chapati kwenye jua wakati tando zile, zilizochanganywa na dawa, zikikaa kwenye joto lililotakiwa. Mchana ulikuwa umeinama niliporudi ndani kutia dawa ya mwisho, ile inayoleta rangi. Pampu ikifanya kazi huacha kitu ambacho dawa hiyo hukigeuza kuwa buluu. Kazi nyingi, buluu nzito. Kazi kidogo, buluu hafifu. Mtu hahitaji kusoma ili aione, ingawa mashine ndiyo hutoa kipimo chenyewe.

Niliipanga mirija mitatu mbele ya karatasi nyeupe. Sikufikiri. Furaha ya kuona njia yangu imefanya kazi ilikuwa imenijaa kichwani, na nilikuwa nimesahau ni nani ameketi nyuma yangu.

Mama mdogo alishuka kitini akaja karibu. Mtu anayechagua samaki kwa kutazama macho na mashavu hadanganywi na rangi.

"Hii nzito ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hii imepauka?"

"Ni yangu, mathe," ndugu yangu alisema, akijaribu kufanya mzaha. "Mimi hupenda rangi za upole."

Mama mdogo aliinama karibu zaidi. Kidole chake kilikuwa kwenye mrija uliobaki, ambao rangi yake haikuwa nzito kama wangu wala haikupauka kama wa mwanawe. "Basi hii ya katikati ni yangu," alisema. "Kwa nini yangu iko katikati? Mimi natembea. Mimi nabeba kreti ya samaki."

Mwalimu alikohoa. "Mama, hii rangi peke yake haiwezi kusema kitu juu ya mtu mmoja," alisema. "Ni mirija chache. Hata kesho inaweza kubadilika."

Alichosema ni kweli, na ningeweza kujificha nyuma yake. Mama mdogo aligeuka akanitazama mimi. Ndugu yangu pia alinitazama, akitikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Nilimtazama mwanamke yule aliyenibeba mgongoni mama yangu alipokuwa shambani, nikaona siwezi kumficha tena. Nilimwambia kwamba rangi si ushahidi, lakini kile kipimo cha Kisumu ni ushahidi. Nilimwambia ugonjwa uko kwenye jeni, kwamba umepita kwake, kwamba alizaliwa nao, na kwamba kaka yake hakuwa na polio.

Mashine ya baridi ilikuwa ikinguruma pembeni. Ndugu yangu alikuwa amefumba macho.

"Nilizaliwa nayo?" Mama mdogo aliuliza.

"Ndiyo."

"Kabla niolewe?"

"Kabla hata ya kujua kutambaa, Mama mdogo."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, midomo ikitembea. "Na kaka yangu," alisema, "yeye alipandiwa mahindi na nani?"

"Hakuna mtu."

"Kwa hivyo si mbegu."

"Si mbegu."

"Sema tena."

"Si mbegu, mama. Haijawahi kuwa mbegu."

Nilikuwa nimejiandaa kumdaka akianguka. Badala yake alivuta pumzi na kupiga kigelegele ambacho nadhani kilifika barabara kuu. Alipiga cha pili. Milango ya ukumbini ilifunguka, wanafunzi wakachungulia, mwalimu akainua mikono kuwaambia hakuna aliyeungua. Mama mdogo alikuwa akizunguka kati ya meza, leso mkononi, akisema, "Yawa! Ni damu tu! Ni damu yangu tu!" Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyajali.

Alipofika kwa mwanawe alipiga magoti mbele ya kiti chake akamshika uso. "Ni mimi nilikupea," alisema. "Lakini sikukufanyia."

Ndugu yangu aliinamisha paji lake la uso mpaka likagusa la mama yake. Ndipo nilipoelewa kwamba yeye naye alikuwa ameishi na ile konzi ya mahindi, kwamba alijiona ni kosa linalotembea mpaka lilipoacha kutembea. "Kumbe ni ugonjwa tu," alisema mwishowe. Alilirudia neno lile kwa mshangao, akacheka. "Mathe, kumbe niko na ugonjwa tu, kama watu wengine!"

Mimi nililia. Nilikuwa nimekosea kukubaliana naye pale Kisumu, naye alikuwa amekosea kuniomba, na hakuna kati yetu aliyejali.

Mama yangu peke yake hakuwa ameshuka. Alikuwa bado kwenye kiti chake kirefu, mkoba mapajani. Tulipotulia aliita, "Nyieka," jina ambalo mke humwita mke mwenzake.

Mama mdogo alinyanyuka, akajifuta uso.

"Sasa, ile samaki ya Jumamosi," mama yangu alisema.

Lazima niseme kwamba kila Jumamosi, tangu nikumbuke, Mama mdogo huvuka ua na samaki aliye mkubwa kuliko wote aliouza wiki ile, na hukaa jikoni kwa mama yangu mpaka samaki huyo ameliwa, wakisema watu na kusemana. Mimi niliyazoea hayo. Nilidhani ndivyo wake wenza wanavyoishi.

"Imefanya nini?" Mama mdogo aliuliza.

"Ilikuwa ya kuomba msamaha?"

Mama mdogo alitazama sakafu. "Ya kwanza, ndiyo. Nilikuwa naogopa."

"Na hizi zingine?"

"Hizi zingine nilisahau kuogopa. Nilikuwa naleta tu."

Mama yangu alifungua mkoba, akaufunga. "Mimi nilijua ni ya mbegu," alisema. "Nilikusamehe zamani, hata huyu kijana hajaanza shule. Sikusema. Nilifikiri nikisema, utaacha kuja."

Mama mdogo alimkodolea macho. Nikaona hasira ikipanda usoni pake, hasira ya haki kabisa, ya miaka yote ile. Ilipanda, ikakaa kidogo, ikashindwa. Akaenda akajibana kwenye kiti kilekile kirefu, wakakaa wawili mahali pa mtu mmoja.

"Jumamosi nakuja mikono mitupu," alisema.

"Kuja," mama yangu alisema.